Mwimbaji Amehamia Kiti cha Nyuma

Mwezi wa bonasi ya chai ukifika, Kericho inakosa adabu. Wakulima wanashuka mjini na mifuko imenona, na kila mwenye duka anatoa spika nje na kufungulia muziki mpaka mtu akikusalimia unamjibu kwa mkono tu. Ilikuwa Oktoba 1996, mchana, mawingu yakijikusanya juu ya mashamba ya chai kama kawaida yake. Katika duka moja la kaseti karibu na stendi, watu walikuwa wamesongamana hadi mlangoni. Na ndani ya fujo hiyo yote, mwanamume mmoja alikuwa amesimama mbele ya kaunta, macho ameyafumba.

Aliyekuwa akiuza ni Chelimo, msichana wa Boito, mrefu, mweusi wa kung'aa, amevaa blauzi ya manjano na sketi ya maua iliyombana kiunoni. Chelimo hakuwa mtu wa kuamini watu. Nasema mapema ili nisije nikalaumiwa. Ukimpa noti aliiinua kwenye mwanga aikague. Ukimpa sifa, alikuangalia wewe vivyo hivyo.

"Wewe," alimwambia yule mwanamume. "Umekuja kununua ama umekuja kulala?"

"Ninasikiliza."

"Wenzako wanasikiliza macho yakiwa wazi."

"Hiyo spika yenu ya kushoto waya zake zimeungwa kinyume. Moja inasukuma, nyingine inavuta. Ndio maana besi imepotea."

"Na wewe ni nani? Daktari wa spika?"

Akafumbua macho, akacheka. Aliitwa Mosoti, fundi wa kufunga redio na spika kwenye magari, kibanda chake kiko nyuma ya kituo cha petroli. Alikuwa mnene kidogo, kidevu safi, na overoli yake ya buluu ilikuwa imepigwa pasi. Nani anapiga pasi overoli, Chelimo akajiuliza. Hapo hapo akaanza kumshuku.

Lakini alimruhusu ageuze zile waya. Besi ikarudi kwa kishindo, na mzee mmoja mwenye gunia la mbolea mgongoni akaanza kutingisha mabega. Mosoti akanunua kaseti moja, akaenda. Kesho yake akairudisha.

"Ina kasoro," alisema.

"Kasoro gani? Niliijaribu mwenyewe."

"Ilinunuliwa na mtu aliyesahau kuuliza jina la muuzaji."

Chelimo alitaka kununa. Akashindwa, akacheka mpaka mwenzake wa dukani, Janefer, akageuka kuangalia kuna nini. Basi mambo yakaanza. Simu ya dukani ikawa haina amani.

"Halo, duka la kaseti."

"Dia, ni mimi."

"Mimi nani? Kuna mimi wengi hapa Kericho."

"Mimi wa overoli."

"Aaa. Umepiga pasi leo?"

"Nimepiga. Hata kamba za viatu."

Jumamosi moja Mosoti alimleta kibandani, akamfungulia mlango wa Datsun yake ya rangi ya krimu. Akamkalisha kiti cha mbele, upande wa abiria, akaweka kaseti.

"Funga macho. Halafu nyoosha kidole pale mwimbaji amesimama."

Chelimo akafunga jicho moja.

"Yote mawili, Chelimo."

"Ndio unibusu?"

"Nikitaka kukubusu nitakuambia uyafungue."

Akafunga. Kidole kikaelekea mlango wa upande wake. "Yuko hapa mlangoni. Ni kama anataka kushuka."

"Ndiyo. Spika iliyo karibu na wewe inakufikia kwanza, sikio linaifuata hiyo. Ngoja." Mosoti akazibandua twita, zile spika ndogo za sauti nyembamba, akaziinamisha kwa vipande vya kadibodi, akapunguza huku, akaongeza kule. "Tena." Kidole kikaja kwenye kioo. "Tena." Kikasogea. Aliendelea hivyo kwa uvumilivu ambao mimi, kusema kweli, sina, mpaka kidole cha Chelimo kikainuka chenyewe na kusimama wima katikati ya dashibodi.

"Ai! Yuko hapo! Amesimama mbele yangu kabisa!"

"Sasa anakuimbia wewe," Mosoti akasema. "Mimi dereva nasikia kombokombo tu, lakini sijali. Gari hii nimeitegea kiti chako."

Siku hiyo Chelimo alimpenda. Alimpenda kabisa, hadi akaogopa, na akiogopa alikuwa anashuku zaidi.

Desemba akampeleka kwao Boito. Mama yake, Mama Tapkigen, alikuwa mjane mfupi aliyenyooka, mwenye vishamba vya chai na ng'ombe wa maziwa, na ndiye aliyeanzisha nyimbo kanisani. Mchungaji mwenyewe alikuwa akimsubiri afungue kinywa. Mama alifika mlangoni, akapangusa mikono kwa leso, akamshika Mosoti mkono kwa nguvu.

"Karibu, kijana. Kwenu ni wapi?"

"Keroka, Mama. Lakini baba alikuja hapa kuchuna chai kwa kampuni. Nimezaliwa Kericho."

"Aha," akasema Mama, akamimina chai. Wakati wa kuondoka akampa mkono tena.

Njiani Mosoti hakuweka hata kaseti.

"Mbona umenuna?" Chelimo akauliza. "Si amekusalimia vizuri?"

"Amenipa mkono. Kufika na kuondoka."

"Sasa ulitaka akupe mguu?"

"Kwetu Kisii mkwe na mama mkwe hawashikani mkono. Hawasongeleani. Ni heshima. Hata kwenu wazee wako hivyo, uliza. Mama yako amenishika kama mtu aliyekuja kuuliza bei ya ndama."

"Hayo ni ya zamani, Mosoti. Mama ameokoka."

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, Mama alimwita Chelimo kando. "Huyo fundi ni mtu mzuri," akasema, "lakini si wa kwetu. Sitaki uolewe huko." Akaenda kufungulia ng'ombe.

Chelimo alilia njia nzima. Alipomwambia Mosoti, akategemea aseme, potelea mbali, tutaoana tu. Mosoti akatikisa kichwa.

"Bila yeye sitakuchukua. Sitaki mke anayeogopa kwenda kwao. Tungoje."

"Tungoje nini?"

"Sijui. Tungoje tu."

Maneno ya busara hayo, mtu angesema. Lakini kwa Chelimo yaliingia vibaya. Mwanaume anayekupenda anangoja nini? Ama amepata sababu ya kukuacha polepole, na mama wa mtu ndiye atabeba lawama?

Mwezi wa pili, Mosoti akaanza kupotea kila Alhamisi. Chelimo akipiga simu pale kituo cha petroli, aliambiwa, "Ameenda Longisa, kuna gari anatengeneza." Alhamisi nyingine, Longisa. Nyingine, Longisa. Kwani Longisa wana magari mangapi?

"Dia, hao watu wa Longisa wamekuwa viziwi ama nini?" akamuuliza siku moja.

"Kazi tu."

"Kazi ya Alhamisi."

"Ndiyo, ya Alhamisi," akajibu, akaangalia kando. Huyu mtu hakuwa na kipaji cha uongo hata kidogo.

Ndipo Janefer akamletea habari, na alikuwa ameibeba kwa raha zake. Janefer alikuwa na dada anayeuza kabeji Silibwet.

"Chelimo, keti chini. Dada yangu amemuona Mosoti wako pale Silibwet. Amebeba mwanamke."

"Watu wanapewa lifti, Janefer."

"Nyuma! Hajakaa mbele, amekaa nyuma! Amejifunika shuka mpaka kichwani, anaendeshwa kama bibi ya DC. Lifti gani hiyo?"

Chelimo aliuza kaseti ya kwaya kwa mtu aliyeomba ya rumba.

Jumapili Mosoti alipokuja kumchukua, amevaa shati jeupe na suruali ya kaki, Chelimo aliingia mbele mahali pake bila salamu.

"Weka muziki," akasema.

"Hata hujambo hakuna?"

"Weka muziki, Mosoti."

Akaweka. Chelimo akafumba macho, akainua kidole. Kidole kilitafuta dashibodi, hakikupata mtu. Kikaenda mlangoni, hakuna mtu. Kikapita juu ya bega lake na kuonyesha nyuma. Akafumbua macho. Pale twita zilipokuwa palikuwa na alama za gundi tu.

Akashuka, akafungua mlango wa nyuma, akakaa nyuma ya kiti chake.

"Unaenda wapi?"

"Nyamaza."

Twita zote mbili zilikuwa kwenye ubao wa kioo cha nyuma, upande wa kulia kwake, juu ya vipande vya mbao vilivyopigwa msasa vizuri. Mtu alikuwa amezitengeneza kwa mapenzi. Hata hivyo sauti haikukaa sawa. Chelimo akajishusha kwenye kiti, akajishusha tena, shingo ikakunjika, na hapo mwimbaji akatokea, wazi kabisa, karibu na sikio lake la kulia.

"Mfupi," akasema. "Ni mwanamke mfupi."

"Chelimo..."

Akavuta kisahani cha majivu cha mlangoni. Ndani mlikuwa na karatasi za peremende, zimekunjwa vizuri.

"Nani anakaa hapa?"

Mosoti alishika usukani kana kwamba gari linatembea. "Siwezi kukuambia."

"Huwezi ama hutaki?"

"Nimeahidi mtu."

"Ni mwanamke?"

"Ni mwanamke."

Jamani! Mwanaume mwingine angesema ni mteja, ni shangazi, ni mwalimu wake wa zamani. Huyu alijibu tu kana kwamba yuko kortini.

"Unampenda?"

Mosoti akafikiri. "Ninamheshimu sana," akasema.

Angesema anampenda ingekuwa afadhali. Chelimo alishuka, akafunga mlango kwa nguvu mpaka kioo kikateleza ndani, akaenda zake kwa miguu na viatu vya kisigino.

Wiki zilizofuata alikuwa mtu wa kuhurumiwa. Kila mwanamke mfupi aliyeingia dukani alipimwa kuanzia kichwani hadi miguuni. Mke wa mwenye duka, ambaye ni mfupi na hana hatia yoyote, aliangaliwa vibaya mpaka akauliza kama ana kitu usoni. Simu ikilia, Chelimo aliirukia, halafu akajifanya hajali.

"Halo?"

"Chelimo, usikate."

"Nani?"

"Mosoti."

"Mosoti gani? Wa mbele ama wa nyuma?"

"Sikiliza, sarafu zinaisha. Nakuomba uniamini kidogo tu, mpaka aniruhusu..."

"Mpaka akuruhusu! Sasa anakuruhusu huyo? Mwambie akuongezee sarafu." Akakata. Kisha akaenda nyuma ya rafu za kaseti akalia, kwa sababu alimpenda, na alichukia kwamba bado anampenda.

Alhamisi moja akaomba ruhusa kazini. Alivaa koti la Janefer na kitambaa kichwani, akapanda gari la kwanza hadi Silibwet, akajibanza nyuma ya kabeji za dada yake Janefer. Jua lilikuwa kali, vumbi jekundu linarushwa na kila lori. Alikuwa amepanga maneno yote. Angefungua mlango, angemvuta huyo bibi ya DC mbele ya watu, na Mosoti angebaki kuokota aibu yake.

Datsun ya krimu ikafika, ikasimama mbele ya mashine ya kusaga unga. Mwanamke akatokea nyuma ya mashine, mfupi, shuka kichwani, mgongo amewapa watu. Akafungua mlango wa nyuma kwa mkono wake, akaingia. Nyimbo zikaanza ndani ya gari.

Chelimo akavuka barabara bila kuangalia upande wowote. Akaufungua ule mlango kwa nguvu.

"Toka!"

Yule mwanamke hakugeuka. Alikuwa anaangalia mbele, midomo ikifuata wimbo wa kanisa, kichwa ameinamisha kidogo upande wa kulia. Hakuwa amesikia chochote. Chelimo akamshika bega, na shuka ikaanguka.

Alikuwa mama yake.

"Funga mlango," Mama Tapkigen akasema. "Vumbi inaingia kwa kari."

Mosoti, mbele, alikuwa ameshika kichwa kwa mikono yote miwili.

"Mimi sijamwambia, Mama," akasema kwa sauti ya juu. "Hata kidogo."

"Najua hujamwambia. Angekuwa amejua, angekuja amevaa koti ya mtu?" Mama akamwangalia binti yake. "Ingia mbele, tunachelewa. Daktari hangoji."

Chelimo akaingia. Gari likaondoka kuelekea Longisa, na Mama akaongea, polepole, akitafuna peremende. Sikio lake la kushoto lilikuwa limekufa. La kulia nalo lilianza kufifia. Kanisani alikuwa ameanzisha wimbo juu mno, watu wakaangaliana, akajifanya kukohoa. Wangejua, wangempa mtu mwingine kuanzisha, na yeye angekaa nyuma na wazee wanaosinzia. Basi akaanza kwenda hospitali kisirisiri, na siku ya kwanza mvua ikamkuta Silibwet, magari yamejaa. Datsun ikasimama.

"Nikamwambia, ukimwambia Chelimo, sitapanda tena. Akasema sawa, Mama. Hakuniuliza naumwa nini. Aliona tu vile nageuza kichwa. Alhamisi ingine akaleta kaseti ya kanisa. Chelimo, nilikuwa sijasikia soprano tangu mwaka jana. Nililia ndani ya hii kari."

Chelimo aligeuka mzima kwenye kiti, akaegemea upande wa sikio la kulia la mama yake. "Mama, siku hiyo ya kwanza ulikaa wapi?"

"Mbele. Hapo umekaa."

"Na mbona ukahamia nyuma?"

Mama akakunja karatasi ya peremende mara mbili, akaitia kwenye kisahani cha majivu.

"Alisema miguu inamuuma," Mosoti akajibu kwa niaba yake. "Anataka kuinyoosha. Ndio nikahamisha twita."

"Miguu yangu ni mizima," Mama akasema.

"Sasa?" Chelimo akasisitiza. "Kiti cha mbele kilikuwa kibaya?"

"Kilikuwa kizuri."

"Sasa, Mama?"

"Chelimo, wewe umesoma, unafanya kazi mjini, halafu unaniuliza hiyo? Unataka nikae bega kwa bega na mume wa mtoto wangu?"

Datsun iliyumba ikagusa majani ya kando ya barabara, mtu wa baiskeli akatukana, ikarudi. Masikio ya Mosoti yalikuwa yamechemka, na aliendesha mpaka Longisa akiangalia mbele tu. Chelimo aliangalia dirishani, machozi yakimtoka, akicheka.

Nje ya lango la hospitali kulikuwa na mtaro uliojaa maji ya mvua ya jana. Mosoti akashuka haraka, akazunguka, akafungua mlango wa nyuma. Kwa mazoea tu, bila kufikiri, akanyoosha mkono amsaidie kuvuka.

Mama Tapkigen akauangalia ule mkono. Kisha akaiingiza mikono yake yote miwili ndani ya shuka, akarudi hatua moja, akauruka mtaro peke yake. Alitua vibaya, akayumba, matope yakamrukia miguuni, lakini akasimama. Akaenda zake bila kugeuka. Alipofika langoni ndipo akapaza sauti, akimwangalia binti yake tu.

"Chelimo! Mwambie alete wazee wao Boito! Na walete wazee wanaoongea kwa nguvu!"

Mosoti alikuwa bado amesimama kwenye ukingo wa mtaro, mkono uko hewani.

"Amekataa mkono wangu," akasema. "Umeona? Amekataa mkono wangu kabisa."

"Nimeona," Chelimo akasema, akaushika yeye. "Nisamehe, dia. Nilikuwa nimekuja kukuaibisha mbele ya watu wa kabeji."

"Niliona koti. Nikajua leo nimekwisha."

Wakarudi garini kumngojea, wote wawili mbele. Kaseti ilikuwa bado inazunguka, na kwaya yote ilikuwa huko nyuma kwenye kiti kitupu. Mosoti akatoa bisibisi kwenye mfuko wa shati.

"Nikurudishie mwimbaji wako? Ni kazi ya dakika chache tu."

Chelimo akamnyang'anya bisibisi, akaitia chini ya kiti.

"Ziache hapo," akasema. "Tutasikia kombokombo wote wawili."